MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Somo la kuweka daftari nyumbani na katika kikundi



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo gharama yake ni daftari moja la shule na kalamu moja ya biro. Tumeliandika tukiwafikiria wenzetu wa Shanzu, Utange na ng'ambo ya daraja la Mtwapa, lakini kikundi chochote kinaweza kulitumia. Someni pamoja mkutanoni. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mkifika kwenye mfano wa hesabu simameni kidogo mpige hesabu hiyo wenyewe. Maswali ya kujadili yako mwisho.

1. KWA NINI DAFTARI?

Hebu tuanze na duka la mtaani. Unatuma mtoto achukue sukari robo, mafuta ya taa, sabuni kipande. "Mwambie ataandika, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwenye duka anaandika kwenye kitabu chake. Wewe huandiki popote. Mwisho wa mwezi unaambiwa deni lako ni shilingi 1,450. Unashtuka, maana wewe kichwani ulikuwa na kama 900 hivi. Utasema nini? Mwenzako ana kitabu, wewe una kichwa tu. Hata kama mwenye duka amekosea kwa nia njema, neno lake ndilo litakalosimama, nawe utalipa.

Sasa njoo kwenye kikundi. Maneno kama haya wengi mmeyasikia:

"Dada mweka hazina, mimi nilitoa mia mbili ile Jumamosi ya mvua."

"Shangazi, Jumamosi ya mvua hukuja. Mia mbili yako ni ya wiki iliyofuata."

"Sikuja, lakini nilimpa mwanao akuletee!"

Hapo mkutano unasimama. Mmoja anamtetea shangazi, mwingine anamtetea mweka hazina. Na pengine wote wawili wanasema kweli: pesa ilitolewa, haikufika. Vikundi vingi havivunjwi na wezi. Vinavunjwa na mia mbili ambayo haikuandikwa, halafu watu wanaanza kuitana wezi.

Wazee wetu wa pwani waliliona jambo hili zamani wakatuachia methali tuliyoiweka juu ya somo hili. Neno lenyewe "daftari" tulilipata kwa Waarabu, na Waarabu lilitoka kwa Wagiriki, kwao likiwa na maana ya ngozi, kwa sababu zamani watu waliandika juu ya ngozi za wanyama. Wafanyabiashara wa bahari hii waliweka daftari kabla ya benki ya kwanza kufunguliwa Mombasa.

Huko Italia nako, mwaka 1494, mtawa mmoja Mfransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu cha hesabu ambamo alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka hesabu zao. Walikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu: kila jambo liliandikwa palepale linapotokea, na mtu yeyote wa nyumbani anayejua kuandika, mwanamume au mwanamke, aliweza kuandika humo. Cha pili kilipanga mambo hayo kwa tarehe. Cha tatu kilionyesha kila mtu anadai nini na anadaiwa nini. Tangu mwaka ule mambo mengi yamebadilika, lakini utaratibu huo bado ndio msingi wa hesabu duniani. Na sisi tutautumia, kwa njia rahisi zaidi.

2. HALI YETU YA SHANZU

Shanzu pesa haiji sawasawa mwaka mzima. Hoteli za ufuoni hupata wageni wengi Agosti, na tena kuanzia Desemba mpaka Machi. Ikifika Aprili wageni hupungua, na wafanyakazi wa vibarua huambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Akina mama wanaofua, wanaouza vinyago na leso, vijana wa bodaboda, wote huguswa.

Mvuvi naye ana misimu yake. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na samaki wanapatikana. Kusi ikianza, kama Aprili, bahari inachafuka na ngalawa ndogo haziwezi kwenda mbali.

Mwezi huo wa Aprili ndipo mvua za masika zinapoanza, makuti yanavuja na malaria inaongezeka. Kisha mwishoni mwa Aprili au Mei shule zinafunguliwa kwa muhula wa pili, na karo inatakiwa.

Tazameni vizuri. Kazi ya hoteli inapungua, samaki wanapungua, nyumba inataka kurekebishwa, na karo inatakiwa, yote kwa wakati mmoja! Hili si jambo la bahati mbaya. Linakuja kila mwaka. Lakini mtu asiyeandika hushangaa kila mwaka, akakimbilia mkopo wa riba kubwa.

Tena iko miaka ya msukosuko. Wanaofanya kazi za utalii wanakumbuka Agosti 1997, ghasia zilipoanzia Likoni na wageni wakaacha kuja. Wanakumbuka tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa. Wanakumbuka mapema 2008 baada ya uchaguzi, na Machi 2020 korona ilipofunga hoteli. Daftari haliwezi kuzuia mambo hayo. Linachoweza ni kukuonyesha nyumba yako inakula kiasi gani kwa mwezi, ili ujue akiba uliyo nayo itakufikisha wapi.

3. DAFTARI LA NYUMBANI: SEHEMU NNE

Nunua daftari la kurasa 96. Kwanza kabisa andika nambari juu ya kila ukurasa, 1 mpaka 96. Kazi hii ni ya nusu saa, na mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Nambari zina faida mbili: utapata jambo upesi, na ukurasa ukichanwa utajulikana. Kisha gawa hivi:

Kurasa 1 na 2: Yaliyomo. Hapa unaandika jambo gani liko ukurasa gani.

Kurasa 3 mpaka 50: Mambo ya kila siku. Andika tarehe. Chini yake andika pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, na kazi za kufanya. Mistari minne au mitano kwa siku yatosha.

Kurasa 51 mpaka 70: Madeni. Upande wa kushoto, wanaonidai. Upande wa kulia, ninaowadai. Kila deni liwe na tarehe, kiasi, jina, na siku ya kulipa.

Kurasa 71 mpaka 84: Mwaka. Kila mwezi upewe ukurasa wake, Januari mpaka Desemba. Hapa andika mambo makubwa yanayokuja: karo, kodi, harusi, kupanda, kuezeka. Kurasa mbili zinazobaki ni za akiba.

Kurasa 85 mpaka 96: Mambo ya familia. Tarehe za kuzaliwa, nambari za vitambulisho, nambari za simu za jamaa, tarehe za kliniki. Wenye mtoto mchanga waandike siku za chanjo: akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Waandike pia kwamba kuandikisha uzazi kunatakiwa kufanywa kabla ya miezi 6 kupita, maana baada ya hapo ni safari nyingi zaidi za ofisini. Lakini nambari ya siri ya simu au ya benki usiiandike humu kamwe.

Kwa kazi za kufanya tumieni alama tatu. Ziko kama zile zilizoenezwa kuanzia 2013 na Mmarekani Ryder Carroll, aliyesumbuliwa tangu utotoni na shida ya kutuliza akili kwenye jambo moja, akajitengenezea utaratibu wa daftari la karatasi:

Nukta ( . ) mbele ya kazi: bado haijafanywa.
Msalaba ( x ) juu ya nukta: imekwisha.
Mshale ( > ) juu ya nukta: haikufanyika, nimeihamishia siku nyingine.

Faida ya mshale ni hii. Ukiona kazi imehamishwa mara tatu au nne, jiulize: je, kazi hii ni ya lazima? Kama ni ya lazima, ifanye kesho asubuhi kabla ya yote. Kama si ya lazima, ikate, uache kujisumbua.

4. MFANO: MAMA WA MAHAMRI

Tuchukue mama anayepika mahamri alfajiri na kuyauza kando ya njia ya wafanyakazi wa hoteli. Hesabu hizi ni za mfano tu. Badilisheni bei kulingana na soko lenu, Kongowea au Mtwapa.

JUMATATU, PESA ILIYOTOKA
Unga wa ngano pakiti 2: sh. 340
Sukari nusu kilo: sh. 80
Mafuta: sh. 200
Nazi 2: sh. 100
Hamira na iliki: sh. 40
Makaa: sh. 120
Jumla: sh. 880

JUMATATU, MAHAMRI 120 KWA SH. 10
Yaliyouzwa taslimu 100: sh. 1,000
Yaliyokopeshwa 12: sh. 120
Yaliyoliwa nyumbani 8: sh. 80

Mama huyu ana shilingi 1,000 mkononi na anajiona amepata. Lakini akitoa 880 za kesho, faida iliyo mkononi ni shilingi 120. Ni faida, ndiyo, ila ni ndogo kuliko alivyodhani.

Sasa piga hesabu ya siku sita. Faida ya mkononi ni 120 mara 6, yaani shilingi 720. Mahamri ya mkopo nayo ni 120 mara 6, yaani shilingi 720. Mmeona? Pesa iliyoko kwa wadeni ni sawa na faida yake yote ya wiki! Kama wadeni wanalipa, mapato yake ni mara mbili. Kama hawalipi, anafanya kazi tangu saa kumi usiku, na nusu ya jasho lake wanakula watu wengine.

Yaliyoliwa nyumbani ni shilingi 480 kwa wiki. Hapa mama asijilaumu. Watoto lazima wale kabla ya kwenda shule. Ila ayaandike kama chakula cha nyumbani, ajue kwamba biashara yake ndiyo inayowalisha.

Bila daftari mama huyu angesema tu, "Biashara haina baraka siku hizi." Akiwa na daftari anajua la kufanya: apunguze mkopo, aandike jina la kila anayekopa mbele ya macho yake, na akusanye kila Jumamosi. Mtu akiona jina lake linaandikwa, naye hulikumbuka deni.

Tena afungue kurasa za mwaka. Tuseme karo na vifaa vya muhula wa pili ni shilingi 6,000. Akianza Desemba, ana miezi minne ya wageni: Desemba, Januari, Februari, Machi. Shilingi 1,500 kila mwezi zinatosha. Akingoja Aprili itambidi azitafute zote kwa mwezi ambao hata wateja wake wamerudishwa nyumbani.

5. RISITI ZA KIWANJA NA KODI

Huku kwetu bara ya Mombasa, kama kisiwani, watu wengi wana nyumba lakini ardhi si yao. Mtu anajenga, anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, na mambo yanaendelea hivyo kwa miaka, pengine tangu wakati wa baba yake. Siku mwenye ardhi anapofariki au anapouza, anakuja mtu mgeni anauliza: "Wewe uko hapa kwa ruhusa ya nani? Umelipa mpaka lini?"

Siku hiyo mwenye karatasi na asiye na karatasi hawako sawa. Kwa hivyo gundi bahasha ngumu ndani ya jalada la nyuma la daftari lako. Kila risiti ya kodi ya kiwanja iingie humo. Kama anayepokea hatoi risiti, andika mwenyewe daftarini: tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa, na umwombe atie sahihi. Mwombe kwa adabu, "Mzee, tia sahihi hapa nisije nikasahau mimi." Risiti pekee haikufanyi kuwa mwenye ardhi, lakini inaonyesha kwamba hukuingia kwa nguvu na kwamba huna deni.

6. DAFTARI ZA KIKUNDI

Kikundi kinahitaji vitabu vitatu.

a) Kitabu cha mikutano. Kiwekwe na katibu. Tarehe, waliokuja, waliotoa udhuru, yaliyoamuliwa, nani atafanya, lini. Maneno marefu ya mabishano hayahitajiki. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma maamuzi haya.

b) Kitabu cha fedha. Kiwekwe na mweka hazina. Kinunuliwe chenye jalada gumu. Kila pesa iingiayo na itokayo iandikwe mbele ya watu wote, siku hiyohiyo.

c) Kijitabu cha kila mwanachama. Kila mmoja awe na chake, na akipeleke nyumbani. Alichotoa kiandikwe pande zote mbili, kwake na kwenye kitabu cha fedha. Shangazi wetu wa Jumamosi ya mvua angekuwa na kijitabu, jambo lingekwisha kwa dakika moja.

Katibu asiwe ndiye mweka hazina. Na anayeshika sanduku asiwe ndiye anayeshika funguo. Vikundi vya akiba na mikopo vya akina mama vilivyoanzishwa Niger, Afrika Magharibi, mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE vimeeneza utaratibu wa sanduku la kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Utaratibu huo umefika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Mwisho wa mkutano salio linatangazwa kwa sauti, wanachama wanalikariri, na mkutano unaofuata wanaulizwa. Kwa njia hiyo kitabu kina walinzi wengi.

Vitabu hivi vina kazi nyingine pia. Kwa sheria ya vikundi ya mwaka 2022, kikundi kinachotaka kuandikishwa kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua 10, na ofisi ya Maendeleo ya Jamii itataka kuona katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano. Kikundi chenye vitabu hakihangaiki siku hiyo.

7. WENGINE WANAULIZA

"Simu si inatosha?" Simu imetusaidia sana. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kila malipo huacha ujumbe. Lakini ujumbe unaonyesha pesa imeenda kwa nani, hauonyeshi ni ya kazi gani. Pesa taslimu haionyeshi kabisa. Na simu huibiwa, huanguka majini, huisha moto. Tumieni zote mbili: jioni nakili malipo ya simu daftarini.

"Mimi sikusoma, je?" Mweka alama. Mstari mmoja kwa kila shilingi mia, picha ya samaki kwa mauzo ya samaki, picha ya jembe kwa kibarua. Kwenye vile vikundi vya akiba, kijitabu hupigwa muhuri mmoja kwa kila hisa moja, na asiyejua kusoma anaihesabu mihuri yake mwenyewe. Mtoto wa shule anaweza kukuandikia, lakini mwambie akusomee alichoandika.

"Mume wangu akiona, si atazitaka?" Swali hili ni zito, na kila nyumba ina yake. Nyumba nyingine bwana na bibi hukaa pamoja jioni moja kwa wiki, wakasoma daftari pamoja, na ugomvi wa "pesa nilizokupa zimeenda wapi" ukapungua kwa sababu jibu liko pale. Palipo na shida, akiba iwekwe katika kikundi, na kijitabu kikae mahali salama. Jadilianeni kikundini bila kutaja nyumba ya mtu.

8. SHERIA SABA ZA DAFTARI

1. Andika siku hiyohiyo. Ya jana huwa imeshabadilika kichwani.
2. Tumia biro, usitumie penseli.
3. Usichane ukurasa hata kama umekosea.
4. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lionekane, kisha andika sahihi pembeni. Kwenye kitabu cha kikundi, watu wawili watie sahihi hapo.
5. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki. Hewa yetu ya chumvi, mvua na mchwa havina huruma na karatasi.
6. Watu wawili nyumbani wajue linakaa wapi. Ukiugua, mwenzako ajue nani anakudai na nani unamdai.
7. Likijaa usilitupe. Andika mwaka juu ya jalada, uliweke. Ukitaka kujua Aprili ijayo itakuwaje, soma Aprili iliyopita.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mwaka mmoja, ni miezi gani pesa ni haba kwenye nyumba zenu? Andikeni kwenye karatasi kubwa, mwezi kwa mwezi.
2. Je, kikundi chenu kimewahi kugombana kwa sababu ya jambo ambalo halikuandikwa? Mlimaliza vipi?
3. Ni nani anashika vitabu vya kikundi chenu? Akisafiri ghafla, mkutano utaendelea?
4. Ni nani kati yenu analipa kodi ya kiwanja bila risiti? Mnaweza kwenda pamoja kuiomba?

ZOEZI LA WIKI HII

Kila mwanachama aandike pesa zote zilizoingia na kutoka kwa siku saba, hata shilingi kumi ya peremende. Asimwonyeshe mtu kama hataki. Mkutano ujao kila mmoja aseme jambo moja tu: "Nilishangaa kuona kwamba..." Katibu ayaandike majibu hayo kwenye kitabu cha mikutano, na baada ya miezi mitatu myasome tena muone kilichobadilika.